Kanisa la zamani la Bagamoyo: yaliyo habari na yaliyo hadithi

Katika masomo ya historia ya Kanisa tunajifunza sana mambo ya Roma, ya Antiokia na ya Kartago, na hiyo ni haki. Lakini mwalimu wa dini wa Salamabila akiulizwa na wakatekumeni wake: «Dini hii ilipita njia gani mpaka kufika kwetu?», Roma peke yake haitamtosha. Sharti ajue njia ya miguu, ile iliyotoka pwani ya bahari, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Na mwanzoni mwa njia hiyo, pale mchanga wa bahari unapokwisha, liko kanisa la zamani ambalo limebaki mnara wake tu. Ni kanisa la Bagamoyo, katika inchi ya Tanzania.

Juu ya mnara huo watu husimulia mengi. Wasafiri huonyeshwa mlango, huambiwa: hapa alilala Livingstone. Wengine husema Livingstone mwenyewe alisali humo. Wengine tena hulifasiri jina la Bagamoyo kwa machozi. Padri au katekista anayeyachukua yote kama yalivyo atafundisha uongo pasipo kukusudia. Naye anayeyatupa yote atatupa na ukweli uliomo ndani. Kwa hiyo nataka tuyachambue, kama mama anavyopepeta mchele katika ungo. Nasi watu wa Kabambare tuna haki ya pekee ya kufanya hivyo, maana mwili uliolazwa katika kanisa lile ulikuwa wa mtu aliyekaa kwetu, mgonjwa, miezi mingi.

NAMNA KANISA LILIVYOJENGWA

Mwaka 1860 mapadri wa kwanza walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Padri Fava, pamoja na masista. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, na mkubwa wao alikuwa Padri Antoine Horner, mtu wa Alsace. Unguja siku zile ilikuwa na soko kubwa la watumwa. Mapadri walikwenda sokoni wakiwa na fedha, nyingi zikiwa zimetoka kwa watoto wa Ulaya kwa njia ya shirika la Utoto Mtakatifu, wakanunua watoto na kuwapa uhuru.

Kisiwa kilikuwa kidogo kwa watoto hao wote, na mapadri walitazama bara. Mwezi wa 3, mwaka 1868, walianza misioni Bagamoyo, ngambo ya Unguja, kwa ruhusa ya Sultani Majid. Tusipite neno hili haraka: kiwanja cha misioni ya kwanza ya Kikatoliki ya nyakati zetu katika bara hiyo kilipatikana kwa ukarimu wa mfalme Mwislamu. Huku kwetu, ambako Wakristu na Waislamu wanakaa mlango kwa mlango tangu siku za Wangwana, mwalimu wa dini asisahau kulisema.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Ugonjwa wa kipindupindu uliingia pwani mwaka 1869 na 1870, ukaua watu wengi mno. Kisha mwezi wa 4, mwaka 1872, tufani kubwa ilipiga Unguja na Bagamoyo, ikazamisha majahazi, ikang'oa minazi, ikabomoa nyumba za misioni zilizokuwa zimejengwa kwa taabu ya miaka minne. Ni katika mwaka huo huo wa 1872 kwamba kanisa la mawe lilijengwa, kwa mawe ya matumbawe ya bahari na chokaa, kama nyumba zote za maana za pwani. Waliobeba mawe na kuchoma chokaa walikuwa hasa watu waliokombolewa, wale walioitwa watoto wa misioni.

Hapo karibu kulikuwa na kijiji chao, kijiji cha Mtakatifu Yosefu. Vijana waliokua walioana wakapewa nyumba na shamba. Vitabu vingi vya dini vimelisifu jambo hili, na kweli lina sifa yake: mtu aliyeuzwa kama mbuzi alipata jina, mke wake mwenyewe, na watoto ambao hakuna wa kuwauza. Lakini yafaa tuseme na upande wa pili. Maisha ya kijiji yalitawaliwa na kengele. Siku nyingi za juma watu walifanya kazi katika mashamba ya misioni, na waliokosa waliadhibiwa. Wako waliotoroka. Mtu aliyetoroka kwa bwana wa pwani tunamwita shujaa. Aliyetoroka misioni, wamisionari walimwandika kuwa hana shukrani. Sisi tunaosoma leo tunaweza kujiuliza kama huyu wa pili naye hakuwa akitafuta kitu kile kile.

Vijana wengine wa Bagamoyo walianzishwa masomo ya upadri. Katika miaka ile ya kwanza hakuna aliyefika altareni. Upande wetu wa ziwa, Padri Stefano Kaoze, wa kwanza katika Kongo, alipata upadri Baudouinville mwaka 1917 tu.

JINA LA BAGAMOYO

Jina lenyewe limekuwa hadithi. Wengi hufundisha kwamba maana yake ni «bwaga moyo», yaani: wewe mtumwa uliyetoka Maniema au Ubisa, tupa moyo wako hapa, hutarudi tena kwenu. Maneno hayo yanachoma, na wageni huyapenda sana.

Lakini mtu anayejua Kiswahili aangalie vizuri. Kubwaga ni kutua mzigo kwa kuuangusha, kama mpagazi anavyofanya akifika kambini. Na Bagamoyo ilikuwa hasa mji wa wapagazi. Kila mwaka maelfu ya watu, wengi wao Wanyamwezi, walishuka na pembe za ndovu mabegani, nao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa mshahara. Miezi mitatu au minne ya porini, maji mabaya, hongo kwa kila mtemi. Kisha siku moja wanaona minazi na bahari. Hapo ndipo pa kubwaga moyo, yaani kutua wasiwasi na kupumzika. Watu wa elimu ya historia huifuata zaidi maana hii ya pili, nami naona wana haki.

Je, hiyo ina maana kwamba watumwa hawakupita Bagamoyo? Hapana. Walipita, na wengi walivushwa Unguja kutoka pwani ile. Jina moja linaweza kuwa wimbo kwa mpagazi na kilio kwa aliyefungwa shingo. Ila mwalimu asiseme: «jina liliwekwa na watumwa», kama kwamba aliwasikia.

Wako na wale wanaounganisha jina hilo na moyo wa Livingstone. Hiyo haiwezekani kabisa. Jina lilikuwako mbele yake, na moyo wake haukufika Bagamoyo, kama tutakavyoona sasa.

MTU ALIYEKAA KWETU

Daudi Livingstone alikuwa Mskoti, mganga na mhubiri wa Kiprotestanti. Aliingia Maniema mwaka 1869 akitafuta chanzo cha mto Nile. Alidhani Lualaba wetu ndio Nile. Mwezi wa 9 wa mwaka huo alifika mahali alipopaita Bambarre, napo ndipo Kabambare. Alitoka, akarudi, akatoka tena, na toka mwezi wa 7 mwaka 1870 alilala hapo kwa vidonda vya miguu asiweze kutembea. Aliondoka mwezi wa 2, mwaka 1871. Aliandika kwamba katika siku zake za Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. (Mafratiri wanaolalamika juu ya urefu wa brevieri na wakumbuke hilo.)

Tusifiche jambo moja la ajabu. Livingstone aliuchukia utumwa kwa moyo wote, lakini katika Maniema alisafiri na wafanyabiashara wa pembe na watumwa, akala chakula chao, na mmoja wao, Muhamad Bogharib, alimtunza katika ugonjwa kama ndugu. Bila watu hao angekufa. Alijua hivyo, na iliumiza dhamiri yake.

Mwisho wa mwezi wa 3, mwaka 1871, alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Soko la Nyangwe lilikuwa soko la wanawake. Walikuja kwa mitumbwi na samaki, vyungu, chumvi na kuku. Tarehe 15 ya mwezi wa 7, watu wa wafanyabiashara walianza kupiga bunduki katikati ya soko. Wanawake walikimbilia mtoni, mitumbwi ikajaa na kupinduka, na mto ukawachukua. Hata waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwako. Hakuwa na karatasi tena. Aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa matunda ya porini, na maandiko hayo yalififia hata mwaka 2011 wenye elimu walipopata kuyasoma kwa mashine za mwanga.

Barua zake juu ya Nyangwe zilifika Ulaya kwa mkono wa Stanley, aliyemkuta Ujiji mwaka 1871. Ziliwasha hasira ya watu wengi huko, na hasira hiyo ilisaidia kumlazimisha Sultani Barghash, tarehe 5 ya mwezi wa 6, mwaka 1873, kukubali mkataba wa kukataza kuvusha watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Livingstone hakupata habari hiyo. Alikuwa amekufa mwezi mmoja mbele, tarehe 1 ya mwezi wa 5, katika kijiji cha Chitambo, katika inchi inayoitwa leo Zambia.

Na Stanley naye aliijua misioni ya Bagamoyo. Kabla ya kuingia bara mwaka 1871 alikula mezani kwa mapadri, nao walimpa divai ya shampani, jambo alilolitangaza katika kitabu chake kwa mshangao mkubwa. Aliporudi mwezi wa 5, mwaka 1872, alikuta tufani imekwisha kupita.

SAFARI YA MAITI

Watu waliokuwa na Livingstone siku aliyokufa walikuwa Waafrika wote. Wakubwa wao walikuwa Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani, na Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, aliyekuwa Mwislamu. Alikuwako Jacob Wainwright, aliyekombolewa naye, akasomeshwa na Waprotestanti kule Nashik, Bara Hindi. Walikuwako na wanawake, kama Halima, mpishi.

Shauri lao lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulitenda: tumpeleke kwao. Waliufungua mwili, wakautoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti, na Wainwright akasoma sala za maziko na kuchonga maandiko katika gome. Waliutia mwili chumvi, wakauanika juani siku 14. Kisha waliukunja, wakaufunga kwa nguo, wakautia katika ganda la mti lililobanduliwa kama bomba, juu yake kitambaa cha tanga kilichopakwa lami, wakaufunga katika mti ili watu wawili waubebe.

Basi moyo wake uko Chitambo, na mifupa tu ndiyo iliyofika Bagamoyo.

Safari ilikuwa ya miezi tisa hivi, na mwendo wa zaidi ya kilometa 1,500. Baadhi yao walikufa njiani. Karibu na Tabora walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Fikirini: watu wasio na cheo, wasio na mshahara mkononi, wanamkatalia mzungu ofisa, wakati ule.

Mbele kidogo walisikia kwamba wenyeji hawataki maiti ipite katika inchi yao, maana ni mkosi. Hapo walitumia akili ambayo wazee wetu wa Maniema wangeicheka kwa furaha. Walifunga mabua ya mtama kwa nguo katika umbo la maiti, wakatangaza kwamba wamekubali kuirudisha Unyanyembe ikazikwe. Watu wachache waliibeba kwa heshima kurudi nyuma, na usiku walipofika porini waliyatawanya mabua, wakarudi kwa siri kwa wenzao. Maiti yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa upya kama robota la kawaida la nguo, na ikapita machoni pa watu wote.

USIKU WA BAGAMOYO

Mwezi wa 2, mwaka 1874, safari ilifika pwani. Masimulizi ya misioni yanaitaja tarehe 24. Mapadri waliupokea mwili na kuulaza katika kanisa lao. Baadaye meli ya Waingereza iliyoitwa Vulture iliuchukua mpaka Unguja, na toka huko ulipelekwa Uingereza. Wale wa Ulaya walitaka kujua kweli ni yeye. Mganga Fergusson aliupima mkono wa kushoto, akaukuta mfupa uliovunjwa zamani na simba. Tarehe 18 ya mwezi wa 4 alizikwa London, katika Westminster Abbey.

Haya ndiyo yaliyo habari. Sasa hadithi.

Husemwa kwamba wapagazi walipofika mlangoni usiku walitamka maneno matatu tu: «Mwili wa Daudi.» Husemwa tena kwamba mamia ya watu waliokombolewa walipita mbele ya maiti, mmoja mmoja, kumwaga yule aliyewatetea. Mimi siyakatai masimulizi hayo. Lakini tuone namna yalivyotengenezwa: usiku, mlango, maneno machache, mstari wa watu kimya. Hadithi zote za ulimwengu hupenda vitu hivyo. Kwamba watu wa kijiji cha Mtakatifu Yosefu walikuja kutazama, hilo ni rahisi kuliamini, nani asingekuja? Kwamba walijua vizuri Livingstone ni nani na aliandika nini juu ya Nyangwe, hilo ni gumu zaidi.

Juu ya mnara, kosa ni dogo tena ni la kusameheka. Maiti ililazwa kanisani. Kanisa limekwisha, mnara umebaki. Basi watu humweka Livingstone mahali palipobaki, wakauita Mnara wa Livingstone. Kumbukumbu ya watu haipendi kukaa hewani, hutafuta jiwe la kukalia. Na kwa kuwa Livingstone hakuwa Mkatoliki, ndugu zetu Waanglikana wa Bagamoyo nao wana mlango wenye maandishi ya kusema kwamba Livingstone alipita hapo. Msafiri asiyeuliza atadhani alipita kwa miguu yake. Alipita, ndiyo, lakini amebebwa. Na waliombeba hawakuandikwa mlangoni.

Kuna na padri mmoja aliyeniambia kwamba mapadri wa Bagamoyo walimpokea kwa sababu mwishoni alikuwa karibu kuwa Mkatoliki. Hakuna neno hata moja la kuthibitisha hilo. Alikufa katika imani aliyolelewa nayo. Mapadri walimpokea kwa sababu maiti ya mgeni ilikuwa mlangoni, na kuzika wafu ni tendo la huruma. Sababu hiyo yatosha, haihitaji kuongezewa.

KANISA LA KWANZA?

Vibao na vitabu vingine husema kanisa la Bagamoyo ni la kwanza katika bara ya Afrika ya Mashariki. Hapa pia tupepete. Vasco da Gama alifika Malindi, katika Kenya ya leo, mwezi wa 4, mwaka 1498, na Wareno waliacha pale kikanisa kidogo na makaburi, vinavyoonekana hata leo karibu na bahari. Hivyo Malindi ni ya zamani kuliko Bagamoyo kwa miaka zaidi ya mia tatu.

Lakini Malindi nayo ina hadithi zake. Wengine husema Vasco da Gama alikijenga kikanisa kwa mkono wake. Mwaka 1498 hakukaa hata wiki mbili, na aliporudi mwaka 1499 alikaa siku chache tu. Wengine husema Mtakatifu Fransisko Ksaveri alisoma Misa ndani yake. Kweli alishuka Malindi mwaka 1542, akienda Goa. Barua yake ipo. Anaeleza kwamba walimzika mtu wa meli yao pale na kwamba Waislamu walipendezwa na namna ya maziko. Anautaja msalaba mkubwa wa jiwe uliosimamishwa na Wareno. Anasimulia tena kwamba mkubwa mmoja wa Kiislamu alimwuliza kama na Wakristu wanalegea katika sala, maana katika misikiti 17 ya mji, mitatu tu ndiyo iliyokuwa na watu. Kikanisa hakitaji. Wao kwa wao, mtakatifu na yule mzee, walizungumza kama mapadri wawili wanaosikitikia parokia zao!

Basi neno la haki ni hili: Malindi Wareno walijijengea wenyewe, kwa ajili ya mabaharia wao na wafu wao. Bagamoyo ilijengwa kwa ajili ya watu wa inchi. Katika maana hiyo ya pili Bagamoyo inaweza kudai cheo chake.

TOKA BAGAMOYO MPAKA KASONGO

Miaka minne nyuma ya usiku ule, katikati ya mwaka 1878, Mapadri Weupe wa kwanza, waliotumwa na Lavigerie, walitokea Bagamoyo kuingia bara. Mkubwa wa kundi la Tanganyika, Padri Pascal, alikufa njiani mwezi wa 8. Waliobaki walifika Ujiji mwezi wa 1, mwaka 1879. Mwaka 1881 watatu waliuawa Rumonge, katika Burundi. Lakini mwaka 1880 walikuwa wamekwisha kuvuka ngambo yetu, Masanze. Ikafuata Kibanga mwaka 1883, na Mpala mwaka 1885. Misioni ya Kasongo ilianzishwa mwaka 1903, katika mji ambao miaka kumi tu mbele ulikuwa mji mkubwa wa watu wa Tippu Tip.

Njia ni ile ile. Pembe na watumwa walishuka kwayo, mwili wa Livingstone ulishuka kwa sehemu yake ya mwisho, na Injili ilipanda kwayo. Kiswahili chetu, Kingwana, kilipanda kwayo vile vile, midomoni mwa Wangwana, wengi wao wakiwa na bunduki. Tunasali leo kwa lugha hiyo. Mimi sioni haya juu yake. Lakini mwalimu akiulizwa imetoka wapi, aseme kweli.

Aseme kweli tena juu ya jina letu. Pwani, Unguja na Dar es Salaam, neno «Mmanyema» lilitaja watu wa namna mbili: waliotekwa kwetu wakapelekwa utumwani, na waliotumika kwa wafanyabiashara kuwateka wengine. Mara nyingi alikuwa mtu mmoja, leo ametekwa, kesho amepewa bunduki. Nimesikia mahubiri ambamo utumwa ni kosa la waarabu peke yao, na wazee wetu ni kondoo. Mahubiri ya namna hiyo huwaumiza majirani zetu Waislamu, wanaoketi nasi katika matanga na arusi, tena hayalingani na habari. Sultani alitoa ruhusa ya kiwanja; Muhamad Bogharib alimtunza mgonjwa; Susi Mwislamu alibeba maiti ya Mkristu bara nzima. Susi mwenyewe alibatizwa Unguja mwaka 1886, na jina alilolichagua ni Daudi.

WALIOBEBA

Neno moja bado. Maiti ilipochukuliwa na meli ya Waingereza, wale walioibeba miezi tisa waliachwa pwani. Waller, Mwingereza aliyetengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, aliandika kwa uchungu kwamba hawakupewa hata nafasi ya kuvuka mpaka Unguja pamoja na mzigo wao. Ni Jacob Wainwright tu aliyefika London kwa maziko, kwa fedha za wamisionari wa Kiprotestanti. Chuma na Susi waliitwa Uingereza baadaye, mwaka 1874 huo huo, kaburi likiwa limekwisha kufungwa. Huko walimsaidia Waller kufahamu maandiko ya bwana wao. Chuma alikufa mwaka 1882, Susi mwaka 1891.

Hapa Salamabila tunawaona kila siku vijana wanaotoa dhahabu mashimoni, na dhahabu inakwenda mbali kuliko wao. Wakatekumeni wangu waliposikia habari ya Bagamoyo, hawakuuliza sana juu ya Livingstone. Waliuliza: «Padri, wale waliombeba walilipwa nini?» Nikawajibu yaliyoandikwa: mishahara yao ililipwa, na baadaye Shirika la Jiografia la London lilitengeneza medali za fedha 60 kwa ajili yao, lakini wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika, medali zisiwakute.

Kanisa jipya la Bagamoyo, lililo kubwa, lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914. Mnara wa zamani unasimama karibu nalo, na nyumba ya masista ya mwaka 1876 ni mahali pa kumbukumbu, panapowekwa pingu na minyororo ya shingo. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliandikisha njia yote, toka Ujiji mpaka Bagamoyo, katika orodha ya mahali panapoombewa heshima ya UNESCO. Orodha hiyo inaanza Ujiji. Sehemu yetu, toka Nyangwe na Kasongo kwa njia ya Kabambare mpaka ziwani, haimo. Mafratiri wa Maniema wanaotafuta jambo la kuandika katika likizo wanaweza kuanza kwa kuwauliza wazee wa vijiji ambako misafara ilipiga kambi, maana wajukuu wa wapagazi bado wako hai.